Fundi Anajibu: Kisu kinavunjika nikikata bushi

SWALI: Shikamoo mzee. Nipo Gerezani, nakereza bushi (vipande vya duara vyenye tundu katikati) za chuma laini: nje milimita 40, tundu 25. Kukereza sina shida. Shida ni pale ninapoikata bushi itoke kwenye shafti; mashine inatetemeka, kisu cha kukatia kinanasa, mara paa, kimevunjika. Mwenzangu anasema niikaze bushi kwa ncha ya kichwa cha nyuma, kile cha mwisho wa mashine kinachokabili shafti. Bosi anasema niidake kwa mkono isianguke ikapata kovu. Nimsikilize nani?
Kijana wa Gerezani

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimsikilize hata mmoja.

Bosi kwanza. Bushi ikiachia bado inazunguka na ukingo wake ni wembe. Usijidanganye na glavu, hiyo ndiyo mbaya zaidi: uzi wa chuma ukiikamata, unaondoka na vidole. Tundu si unalo tayari? Bana ufito wa milimita 16 hivi kwenye chaki (kibanio) ya kichwa cha nyuma, uuingize tunduni bila kugusa kuta. Bushi ikikatika itaning'inia kwenye huo ufito. Zima mashine, isimame kabisa, ndipo uichukue.

Mwenzako naye anakutafutia ajali. Ncha inasukuma kuelekea chaki kubwa inayoshika shafti. Chuma kikishabaki chembamba, mfereji uliochimbwa na kisu unajifunga na kisu kinabanwa pande zote mbili.

Sasa huo mtetemo. Nyama ya bushi yako ni milimita 7.5 tu, kwa hiyo kisu kikichomoza 10 kinatosha. Vijana wengi wanakitoa nje kama ulimi wa kenge, halafu wanalaumu mashine. Katia karibu na meno ya chaki kubwa, kigari kinachobeba kisu ukifunge kisitembee, na kisu kiwe mraba (nyuzi 90) na shafti. Kimo chake kiwe sawa na kitovu cha shafti. Kupima, mashine ikiwa imezimwa, bana rula nyembamba ya chuma taratibu kati ya ncha ya kisu na shafti: ikisimama wima, upo sawa.

Kama unakereza kwa mizunguko 200 kwa dakika, ukifika kwenye kukata shuka hadi 100 hivi. Oili isikatike. Halafu kisu ukilishe mfululizo, kwa mkono usio na woga. Kikisugua bila kula, kinapata moto na kupoteza makali. Wengi wakisikia kelele wanalegeza mkono, na kelele inazidi. Punguza spidi, kisu kiendelee kula.

Na kwa umeme wetu huu: ukikatika kisu kikiwa ndani ya mfereji, zima swichi hapo hapo, kisha urudishe kisu nyuma mpaka kitoke chote. Ukirudi, washa kwanza, chuma kishike mwendo, ndipo ukiingize tena.