Mnaoniuliza Kama Mje Kufanya Utafiti wa Data za Tiba Marekani

Wadogo zangu mnaomaliza udaktari, takwimu na sayansi ya kompyuta mmekuwa mkiniandikia swali moja kwa maneno tofauti: je, inafaa mtu kuacha kazi yake nyumbani ili aje kuwa mtafiti wa infomatiki ya tiba, yaani kuchambua taarifa za wagonjwa kwa kompyuta, katika hospitali ya chuo kikuu huku Marekani? Baadhi yenu mmedhani kwamba ninachelewa kujibu kwa sababu nina neema ninayoificha. Sifichi neno. Kazi hii naipenda, na nimeona namna inavyomfaa mgonjwa ambaye hatajua kamwe kwamba tupo, lakini riziki yake imefungwa kwenye ruzuku yenye tarehe ya mwisho, na ruhusa ya kuishi hapa imefungwa kwenye kazi hiyo hiyo. Anayetaka kuja aje akiwa anayajua yote mawili.

Nianze na kazi yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Tangu sheria ya mwaka 2009 iliyotoa fedha za serikali kwa hospitali zilizohamia kwenye mafaili ya kompyuta, hospitali za hapa zimejaza hazina kubwa ya taarifa za wagonjwa. Taarifa hizo, hata hivyo, ziliandikwa ili kumtibu mtu na kuidai bima yake, hazikuandikwa kwa ajili ya utafiti, na sehemu kubwa ya siku zetu inakwenda katika kuziba pengo hilo. Wanaokuja wakitarajia kufundisha akili mnemba kuanzia asubuhi hadi jioni huvunjika moyo mapema.

Chukueni swali linaloonekana jepesi: kati ya watu waliotibiwa hapa, ni nani wana kisukari cha aina ya pili? Mgeni hudhani kwamba atatafuta msimbo wa E11, ambao ndio wa ugonjwa huo katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, na kazi itakuwa imekwisha. Msimbo huo unaweza kuwa uliandikwa siku daktari alipoagiza kipimo ili kujua kama ugonjwa upo, na majibu yakarudi mazuri, lakini msimbo ukabaki kwenye faili. Ukigeukia dawa utakutana na metformini, dawa ya kisukari ambayo hupewa pia wanawake wenye tatizo la vifuko vingi kwenye ovari bila wao kuwa na kisukari. Ukigeukia HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi kadhaa, kiwango kinachotambulisha ugonjwa ni asilimia 6.5 na kuendelea, ila mgonjwa anayetumia dawa zake vizuri anaweza kuwa chini ya hapo, na mwenye selimundu anaweza kupata jibu lisiloaminika kabisa. Kisha kuna vipimo vyenyewe: maabara moja huandika sukari kwa miligramu katika desilita na nyingine kwa milimoli katika lita, kiasi kwamba 100 na 5.6 ni sukari ile ile, na ukichanganya safu hizo mbili bila kuangalia, kompyuta haitalalamika. Kwa hiyo tunaandika kanuni inayounganisha misimbo, dawa na majibu ya maabara, halafu daktari anasoma sampuli ya mafaili, moja baada ya jingine, ili tujue kanuni imepatia wapi na imekosea wapi, na tunarudia. Kanuni moja iliyo nzuri inaweza kula miezi, na kwenye makala itakayochapishwa itachukua aya mbili.

Haya yote hufanyika nyuma ya milango mingi. Sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 ndiyo msingi wa kanuni za faragha tunazozifuata, na njia moja inayokubalika ya kuficha utambulisho wa mgonjwa ni kuondoa aina 18 za taarifa, zikiwemo majina, namba za simu, tarehe zote isipokuwa mwaka, na hata umri wa mtu aliyepita miaka 89. Utapita kwenye kamati ya maadili ya utafiti, utasaini mikataba, utafanya mafunzo, na data utaisoma ndani ya seva ya hospitali bila kuihamishia kwenye kompyuta yako. Kusubiri ruhusa ni sehemu ya kazi, na mimi sioni ubaya wowote hapo. Ningependa na mafaili ya mama yangu yalindwe hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lingetosha kunifanya nibaki katika fani hii hata kama mengine yote yangekuwa mabaya. Tulikuwa tukichunguza programu inayotafuta mafaili mawili ya mtu mmoja ili iyaunganishe, na ilikuwa ikijikwaa kwenye kundi kubwa la watu waliozaliwa tarehe 1 Januari. Baadhi ya wenzangu walidhani ni hitilafu ya kompyuta. Kwangu haikuwa fumbo. Ni wakimbizi, watu ambao tarehe yao ya kuzaliwa haikuandikwa popote, wakapewa siku ya kwanza ya mwaka walipokuwa wakijaziwa fomu. Jina la ukoo la mtu huyo huyo lilikuwa limeandikwa mara kwa jina la baba na mara kwa jina la babu, kutegemea nani alikuwa mapokezi siku hiyo. Ukiwa na jina linalofanana, tarehe ile ile na mtaa ule ule, watu wawili wanaweza kuonekana mmoja, na mzio wa dawa wa mmoja ukasomwa kwenye faili la mwingine. Tulibadilisha namna ya kuipima programu hiyo ili tarehe 1 Januari isihesabiwe kuwa ushahidi wenye uzito kama tarehe nyingine. Jambo hilo linahusu usalama wa watu, na lilihitaji mtu anayejua tarehe hizo zinatoka wapi.

Mfano ulio mkubwa zaidi, ambao si wa kwetu, ni wa figo. Kwa miaka mingi maabara za hapa zilikadiria utendaji wa figo kutokana na kreatinini, taka ya mwilini ambayo figo huichuja kwenye damu, kwa mlinganyo uliomtofautisha mtu mweusi na wengine. Katika mlinganyo wa mwaka 2009 matokeo yake yalizidishwa kwa 1.159, kwa hiyo, kreatinini, umri na jinsia vikiwa sawa, figo zake zilionekana nzima zaidi kwenye karatasi, na hilo liliweza kuchelewesha rufaa yake kwa daktari bingwa au kuingizwa kwake kwenye orodha ya kupandikizwa figo. Mlinganyo mpya usio na kigezo cha rangi ulikuja mwaka 2021. Miaka miwili kabla ya hapo, jarida la Science lilichapisha utafiti juu ya programu iliyotumia gharama za matibabu kama kipimo cha ugonjwa. Kwa kuwa wagonjwa weusi walikuwa wametumiwa fedha kidogo kwa hali ile ile ya afya, programu iliwaona kuwa hawahitaji msaada wa ziada. Watu wanaofanya kazi za aina hii walichangia kuyagundua na kuyasahihisha hayo, na ndiyo maana siwezi kuwaambia kwamba ni kazi ya mshahara tu.

Lakini mshahara mmeuliza, na nitajibu. Kiwango cha NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayogharamia utafiti wa afya, cha mtafiti anayeanza baada ya uzamivu kilikuwa dola 61,008 kwa mwaka 2024, kabla ya kodi, na vituo vingi hukifuata hata kwa wasiolipwa na mfuko huo. Ni fedha za kuishi kwa uangalifu katika miji mingi yenye hospitali kubwa za vyuo. Kampuni za dawa na za teknolojia huwalipa watu wenye ujuzi huo huo zaidi, na wengi wa tulioanza nao wameenda huko. Siwalaumu.

Linaloumiza kuliko kiwango ni chanzo chake. Mshahara wa mtafiti hapa, mara nyingi hata wa mwenye cheo cha uhadhiri, hutoka kwenye ruzuku, na ruzuku kubwa ya kawaida ya NIH haizidi miaka 5 kabla ya kuombwa upya na kushindaniwa upya. Mwaka 2025 ruzuku nyingi zilisitishwa kabla ya muda wake. Nimemwona mwenzangu, mtu hodari ambaye kanuni zake tunazitumia mpaka leo, akiambiwa kwamba fedha za mradi wake zimekatwa, na jioni hiyo hiyo hakuwa akiwaza utafiti, alikuwa akihesabu siku. Mwenye H-1B, viza ya kazi inayotegemea mwajiri, akipoteza kazi hupewa muda usiozidi siku 60 wa kupata mwajiri mwingine au kuondoka, hata kama watoto wako katikati ya muhula.

Kuhusu viza, wengi wenu mngekuja kwa J-1 ya mtafiti, viza ya wageni wa mabadilishano ya kitaaluma, ambayo ina ukomo wa miaka 5, na kwa baadhi ya watu, hasa waliogharamiwa na serikali, ina sharti la kurudi nyumbani kwa miaka 2 kabla ya kuomba H-1B au ukaazi wa kudumu. Someni sharti hilo kabla ya kusaini. Vyuo vikuu vilikuwa na nafuu kwa H-1B kwa sababu havibanwi na idadi ya mwaka inayozibana kampuni, lakini Septemba 2025 tangazo la rais liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi, na hospitali ya chuo yenye bajeti ya ruzuku haiwezi kubeba mzigo huo kirahisi.

Jina lako nalo litakaa katikati ya orodha ya waandishi mara nyingi kuliko unavyostahili. Daktari aliyeuliza swali huwa wa kwanza, mkuu wa kundi la utafiti huwa wa mwisho, ambapo nako ni mahali pa heshima, na wewe uliyeitengeneza data unakuwa wa tano. Jambo hili huzungumzwa mwanzoni, kabla ya safu ya kwanza ya data kufunguliwa, si makala inapokaribia kutumwa.

Kwa hiyo ningewashauri nini? Msiache kazi kwa ahadi. Anzeni hapo mlipo, kwa kuwa fani hii ina mlango ulio wazi kuliko nyingi. Data ya MIMIC, iliyotokana na mafaili ya wagonjwa wa hospitali ya Boston na kuondolewa utambulisho, hutolewa bure kwa anayemaliza mafunzo ya maadili na kusaini makubaliano. Jumuiya ya OHDSI, ya watafiti wa data za afya wa nchi nyingi, hutoa programu zake bila malipo. OpenMRS, programu huria ya mafaili ya wagonjwa, ilianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na Chuo Kikuu cha Moi, kwa hiyo Afrika Mashariki imo katika fani hii tangu zamani. Na wewe muuguzi au tabibu unayejua faili linavyojazwa foleni ikiwa ndefu una ujuzi ambao wengi huku hawana, hivyo uandike kwenye maombi yako kabla ya lugha za kompyuta unazozijua.

Mkimwandikia mtafiti mkuu, mwonyesheni kazi moja mliyoifanya kwenye data hizo za wazi, na akiwajibu muulizeni mambo manne mapema: mshahara unatoka kwenye ruzuku ipi, ruzuku hiyo inaisha lini, ni viza ya aina gani, na nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa kazi mtakayoifanya. Mwenye nia njema hujibu siku hiyo hiyo bila kuona vibaya. Anayezunguka mwacheni, mwandikieni mwingine, na barua zenu nitumieni nizisome kabla hazijaenda.