Januari naingia kidato cha nne, kila siku nasema "kesho"

Mdogo wangu, unasema likizo ya Desemba inakatika na daftari la kemia hujaligusa. Sidhani ni uvivu. Hesabu za moli za kidato cha tatu zilikupita, na kila ukifungua ukurasa unaona aibu, unafunga. Basi usianze na ukurasa huo. Anza na swali moja rahisi la mada hiyo, dakika ishirini, simu ikiwa chumba kingine, tena kwa mama, si chini ya mto. Ukimaliza, funga hata kama una hamu ya kuendelea. Hamu hiyo utaihitaji kesho yake.

Ratiba ya rangi rangi ukutani achana nayo kwanza. Kuichora nako ni kuahirisha.

Kisha ingia tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), usome uchambuzi wa majibu ya watahiniwa wa kidato cha nne. Wanaonyesha majibu mazuri na mabovu, na kwa nini watu walikosa. Mtihani ni Novemba, na unagusa hata mada za kidato cha kwanza.

Sare na madaftari mwachie mzazi orodha leo, maana wiki ya kufungua shule madukani hakupitiki.