Asilimia 75 ya wangapi? Jibu kwa dada wa Kasulu kabla ya kikao cha Ijumaa

Dada, hiyo makala usiipeleke kwenye kikao cha Ijumaa. Nimeona swali lako nikiwa zamu ya usiku na nimeshindwa kulipita. Unasema umepata makala kuhusu dawa ya kuoshea vidonda vya upasuaji, umesoma ikisiri tu (ule muhtasari wa mwanzo), umeona asilimia kubwa na p chini ya 0.05 (kipimo cha takwimu, nitakieleza chini), na sasa unataka inchaji abadilishe utaratibu wa wodi nzima. Umeuliza pia makala za bure zinapatikana wapi, aina za utafiti zinatofautianaje, na takwimu zipi muuguzi azijue. Naanza na la Ijumaa, maana nimeshapita hapo hapo ulipo, na walioumia hawakuwa mimi.

Mwaka 2019, wodi ya wazazi, hapa Tabora. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku mbili ya ushahidi katika uuguzi. Mwezeshaji alisimama mbele ya projekta akatuambia, na nililiandika kwenye daftari: "Tafuta p. Ikiwa chini ya 0.05, imethibitika. Mengine waachieni wanatakwimu." Watu wazima arobaini tukaitikia, tukachukua posho, tukaondoka. Nina hasira naye mpaka leo. Mtu anayefundisha wauguzi hivyo anawapa silaha bila kuwaambia mdomo wake uko upande gani.

Nikarudi wodini, nikafungua simu, nikakutana na utafiti wa Nepal uliochapishwa 2006 kwenye jarida la Lancet. Walipaka klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kwenye vitovu vya watoto wachanga, na maambukizi makali ya kitovu yakapungua kwa asilimia 75. Sabini na tano! Na kwa watoto waliofikiwa ndani ya saa 24 za kwanza, vifo vilipungua kwa asilimia 34. Nikaishia kwenye ikisiri. Baada ya wiki mbili kila mama aliyejifungua kwetu alikuwa anaagizwa chupa duka la dawa, kwa sababu kwenye bajeti haikuwepo.

Namkumbuka bibi mmoja wa Sikonge. Alisimama koridoni akafungua fundo la khanga kwa meno, akatoa noti zilizokunjwa ndogo kama vidonge, akahesabu, akarudia kuhesabu. Ilikuwa nauli yao ya kurudi. Nikamwambia, "Bibi, ni kwa usalama wa mjukuu wako." Akaniamini, akaenda kununua.

Klorheksidini huchelewesha kitovu kudondoka. Hilo linajulikana, ila mimi sikulijua, kwa hiyo hakuna mama niliyemwambia. Siku ya kumi na mbili mama mmoja akarudi. Nyumbani waliona kitovu kimegoma, mkwe akapaka majivu. Ngozi kuzunguka kitovu ilikuwa nyekundu, imevimba, inang'aa, na harufu tuliisikia kabla hatujafunua kanga. Mtoto alichomwa sindano za antibayotiki siku saba. Alipona, namshukuru Mungu kila nikikumbuka.

Kwenye kikao kilichofuata matroni, mama aliyekuwa anakaribia kustaafu, aliniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, asilimia 75 ya wangapi?" Sikuwa na jibu. Akaagiza rejista ya MTUHA, yaani daftari la takwimu za hospitali, tukahesabu mwaka mzima wa nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Maambukizi makali ya kitovu kwa watoto waliozaliwa kwetu yalikuwa mawili. Nilikuwa nimewatoza mamia ya familia ili kupunguza kitu ambacho kwetu karibu hakikuwepo.

Ndipo nikasoma namba zenyewe. Kule Nepal, kwa waliotunzwa kitovu kikavu, yaani bila kupakwa kitu, waliougua ni 52 kati ya 4,930. Kwa waliopakwa dawa, ni 13 kati ya 4,839. Yaani kama kumi kwa kila elfu, wakashuka hadi kama watatu kwa kila elfu. Asilimia 75 ni ya kweli, watafiti hawakumdanganya mtu. Lakini ukiigeuza unaona unapaka watoto karibu 130 ili kumwepusha mmoja, na hao ni watoto wa wilaya ya Sarlahi, wengi wao waliozaliwa nyumbani. Wa kwangu walizaliwa hospitalini na kitovu kukatwa kwa wembe mpya.

Halafu vifo. Kwa watoto wote kwa pamoja punguzo lilikuwa asilimia 24, ila wigo wa uhakika wa asilimia 95, yaani eneo ambamo uwiano halisi wa vifo vya waliopakwa kwa vya wasiopakwa huenda umo, ulianzia 0.55 ukaishia 1.04. Hapo 1 maana yake hakuna tofauti. Kwa hiyo ukweli ungeweza kuwa vifo kupungua karibu nusu, au kutopungua kabisa, au hata kuongezeka kidogo. Ile 34 iliyonipandisha mori ilikuwa ya sehemu ya watoto tu.

Kilichoniuma kuliko vyote ni Pemba. Utafiti kama huo ulifanyika kwetu wenyewe, ukachapishwa 2016, miaka mitatu kabla sijaanza kuwachangisha watu. Watoto zaidi ya 36,000. Vifo 10.5 kwa elfu kwa waliopakwa, 11.7 kwa elfu kwa wasiopakwa, wigo kutoka 0.74 hadi 1.09. Tofauti ya kushika mkononi haipo. Na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa wakati ule ulisema dawa hiyo ni ya wanaozaliwa nyumbani, mahali ambapo vifo vya wachanga ni 30 au zaidi kwa vizazi hai 1,000. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulitupa 25. Kwa mtoto wa hospitalini shirika hilo lilishaandika: kitovu kisafi na kikavu. Bure kabisa.

Kwa hiyo p yako, dada. P inakuambia hivi tu: kama dawa haina tofauti yoyote, ni mara ngapi bahati peke yake ingeleta pengo kubwa kama hili au zaidi. Haikuambii pengo ni kubwa kiasi gani, wala kama linamhusu mgonjwa wa Kasulu. Chama cha wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko zima kuhusu jambo hili mwaka 2016, maana hata maprofesa walikuwa wanakosea. Ukiwa na washiriki wengi mno, tofauti ndogo isiyo na faida wodini inapata p nzuri tu.

Mimi sasa sifungui mdomo kwenye kikao kabla sijajua wangapi kati ya wangapi, upande huu na upande ule, na walikuwa akina nani. Namba hizo zikikosekana kwenye ikisiri, natafuta makala nzima. Makala nzima ikikosekana, nanyamaza.

Makala za bure: PubMed, tovuti ya kutafutia makala za kitabibu, ina kichujio chake upande wa kushoto, na uliza chuo kilicho karibu nawe kama wana Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufungulia majarida taasisi za nchi kama yetu. Aina za utafiti wenzangu humu watakueleza vizuri kuliko mimi.

Ila kabla ya Ijumaa chukua rejista yenu, hesabu waliopasuliwa mwaka huu na kati yao wangapi kidonda kiliota usaha. Weka namba hizo mbili hapa, pamoja na jina la makala. Niko zamu ya usiku mpaka Alhamisi, tutaipitia pamoja.