Risasi imeingia, lakini usifyatue

SWALI: Shikamoo mzee. Nimenunua bunduki ya zamani ya mitutu miwili kutoka kwa familia ya marehemu jirani yetu. Leseni na kibali cha kuwinda ninavyo. Chini ya mitutu imeandikwa 2½, na kuna mataji yenye herufi BP, BV na NP. Ndani inang'aa kama kioo. Risasi za dukani za milimita 70 nimejaribu, zimeingia bila kubana. Jumamosi niende nayo kwa kanga?
Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu. Jumamosi kanga wapumzike.

Huko kuingia bila kubana ndiko kulikonitia wasiwasi. Hiyo 2½ ni inchi, yaani chemba, pale risasi inapokaa, imechongwa kwa ganda la milimita 65. Risasi ya 70 ukiishika dukani ni fupi kuliko jina lake, kwa sababu mdomo umekunjwa. Inafika 70 ikishafyatuliwa na mkunjo kufunguka. Kwenye chemba yako utafungukia pale mtutu unapoanza kubana, marisau yakose njia na mgandamizo uzidi. Nilipokuwa najifunza ufundi wa bunduki niliipitisha bunduki ya mteja kwa kipimo hichohicho chako. Aliporudi alinipangia maganda mezani, midomo imechanika nyuzinyuzi kama ukindu, wala hakusema neno.

Hizo herufi ni mihuri ya majaribio ya Birmingham, Uingereza, iliyotumika kati ya 1904 na 1954. NP inaonyesha ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, ndiyo ya risasi za siku hizi. Afadhali, ingekuwa BP na BV tu ningekwambia uitundike ukutani. Ila muhuri unaeleza hali ya siku ile. Kutu ikishakula, wapo wanaosugua mpaka vishimo viishe, na kinachoondoka ni unene wa mtutu. Mimi kioo nakitilia shaka kuliko vishimo viwili vitatu ninavyoviona. Mpe fundi apime unene. Chini ya nusu milimita mimi siipokei.

Nyumbani unaweza kufanya haya. Ifungue, utie kidole chemba zote mbili uhakikishe ni tupu. Vua mitutu, ining'inize kwenye kidole kwa ile ndoano iliyo chini yake, uigonge na mwiko. Ikilia kama kengele, malehemu kati ya mitutu yameshika. Ikilia kama debe bovu, yameachia. Irudishe, weka kipande cha karatasi ya sigara kati ya mitutu na uso wa mtambo, kile chuma cha kufyatulia kinachoziba mitutu kwa nyuma, ufunge taratibu. Ikifunga kama hakuna kitu, bawaba imelegea. Kitako kikague nyuma ya mtambo, mafuta ya miaka mingi hulainisha mti na ufa huanzia hapo.

Na usifyatue tupu ili kusikia mlio. Pini za kufyatulia za zamani huvunjika, na spea yake sina. Nitakaa kuichonga kwa tupa wiki nzima.