Siku niliyomvisha bibi rangi za wapinzani

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mzazi amruhusu binti anayesoma Marekani kujiunga na sororiti, vile vyama vya kina dada vya vyuoni. Nililisoma nikiwa kwenye basi, natoka zamu ya usiku, na jibu langu lilikuwa tayari kabla sijafika kituo cha pili: asijiunge.

Nina sababu. Mtoto wa kaka yangu anasoma huku Maryland, na tangu Septemba hanipi nafasi: "Shangazi, ongea na baba." Baba mwenyewe yuko Mombasa, anatafuta karo kwa jasho. Aongeze na ada ya chama, koti la chama, lulu za shingoni? Halafu kuna mateso ya kuingilia. Vyama vya Wamarekani Weusi vilipiga marufuku mwaka 1990 ule utaratibu wa kale wa kuwapitisha wageni kwenye majaribu, lakini marufuku ni karatasi. Binti wa jirani yangu, chama chake sikitaji, wiki nzima alikuwa akirudi saa tisa za usiku, macho yamevimba, na mpaka leo hajamwambia mamake alikokuwa.

Ila vyuo vya huku sivijui. Mimi ni mtunza wazee. Ninachokijua ni hao kina dada wanakuwaje wakishazeeka, na hilo hamkuliuliza.

Kwa miaka mitatu nilimtunza bibi mmoja, mwalimu mstaafu aliyesoma Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Nilimkuta ana miaka 88 na usahaulifu umeshamwingia sana. Binti yake wa kumzaa alimwita "yule mama mwenye funguo". Alhamisi moja huyo binti akaniambia marafiki wa mama wanakuja saa nane, nimpambe. Nikampamba hasa. Nikamwogesha, nikampaka mafuta, nikamchana, nikafungua kabati. Karibu kila nguo mle ilikuwa nyekundu, nami nyekundu ilikuwa imenichosha. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa duka, nikapata sweta la kijani kibichi, jipya, lebo inaning'inia. Nikalipatanisha na gauni la waridi la binti yake. Wallahi alipendeza.

Wakaingia wanawake watano, mdogo wao hapungui miaka sabini, wote nyekundu na rangi ya maziwa. Wakasimama mlangoni. Kimya. Nikadhani bibi amenifia kitini, nikageuka haraka kumwangalia. Mmoja wao akaweka mkoba chini, akaziba mdomo, mabega yakaanza kumtikisika. Hapo bibi naye akajitazama. Akaushika mkono wa lile sweta kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, akaniambia kwa sauti ya darasani ambayo sikuwahi kuisikia: "Nivue hii."

Tukamvua palepale. Mmoja akamfunika kwa koti lake jekundu, mwingine akaketi sakafuni akaanza kumkanda miguu, na kicheko hakikuisha mpaka chai ikapoa.

Ndipo nikasomeshwa. Waridi na kijani ni rangi za Alpha Kappa Alpha (AKA), sororiti ya kwanza ya wanafunzi Weusi, iliyoanzishwa Howard tarehe 15 Januari 1908. Zile za Wazungu zilikuwepo tangu miaka ya 1850, lakini mlango wao hukuweza kuugonga. Mwaka 1913 wanachama 22 waliona chama chao kimelala, wakataka jina jipya, rangi mpya na kazi ya hadharani. Wakajitoa, na tarehe 13 Januari wakaunda Delta Sigma Theta. Nellie Quander, aliyekataa mabadiliko, akahakikisha AKA imesajiliwa kisheria kabla mwezi haujaisha. Wiki saba baadaye, 3 Machi, Delta walikuwa barabarani Washington wakidai kura ya wanawake, kwenye maandamano ambayo waandaaji walitaka wanawake Weusi wakae nyuma. Bibi yangu alikuwa Delta, nami nilikuwa nimemvisha AKA kutoka shingoni hadi magotini.

Tuwe waadilifu: AKA hawakukaa wakicheza. Mwaka 1935 walipeleka madaktari na wauguzi Mississippi, wenye mashamba ya pamba wakawazuia wakulima wao wasiende kliniki, basi kina dada wakageuza magari yao kuwa kliniki wakawafuata mashambani.

Mimi haya si mageni kwangu. Nyanya yangu alikuwa wa lelemama, ngoma ya wanawake wa Pwani, enzi za vikundi pinzani vya Ibinal Watan na Banu Saada, wakati mji mzima wa Mombasa ulijua nani ni wa wapi. Leso iliyovaliwa na upande wa pili hakuigusa hata kwa kufutia meza. Watu wakawaona wapuuzi wa ngoma. Lakini ni haohao walioanza vyama vya maendeleo ya wanawake Waislamu miaka ya 1950.

Wale watano walikuwa na zamu. Kila Alhamisi, miaka yote mitatu, mvua au theluji. Mmoja wa nywele, mmoja wa dawa, mmoja wa kumsomea gazeti tu, ingawa haelewi. Jumuiya zetu Wakenya wa huku tunachanga vizuri sana mtu akishakufa, mwili urudi nyumbani. Akiwa hai na shuka limelowa, simu haishikwi. Nasema nikijua nitachukiwa.

Kwa hiyo nimejikuta nimelitengua jibu la kwenye basi, nusu yake. Ajiunge, lakini si sasa. Vyama hivi huchukua hata waliokwisha kuhitimu, na ndio wanaovibeba, basi apate shahada kwanza, apate mshahara, alipe ada yake mwenyewe. Na usiku wa kwanza atakapoambiwa afanye jambo asiloweza kumweleza babake, atoke. Inawezekana pia nilikutana na watano wema tu, na wengine si hivyo.

Lile sweta ninalo mimi, binti wa bibi alinipa. Mtoto wa kaka yangu akinitembelea huwa nalisukuma nyuma ya kabati, maana sijamwuliza anataka chama kipi.