Alisoma, hakujibu: vile nilikosana na rafiki miezi saba juu ya tiki mbili

Bon, nianze na aibu yangu mwenyewe, juu ushauri wa mtu mwenye hajawahi kuharibu kitu mimi siuaminiaka.

Mwezi wa pili 2022 nilipasuliwa apandisiti hapa Goma. Jioni nikiwa bado na kizunguzungu cha ile dawa ya usingizi nikachukua simu, nikaandikia ku WhatsApp rafiki yangu wa Bukavu, ule tulikaa naye benchi moja ku sekondari mpaka tukamaliza, ule alinisindikiza ku bandari siku nilikuja kuolewa huku. "Yaya, wamenipasua leo, niombee." Tiki moja. Baadaye mbili za kijivu. Saa mbili ya usiku zikageuka blu, alama ya kwamba imesomwa. Nikaweka simu ku kifua nikangoja iite.

Haikuita. Siku ya kwanza nikasema labda hana yunite. Siku ya pili nikasema labda rezo. Siku ya nne nikiwa na nyuzi ku tumbo na hasira ku kichwa nikafanya kitu chenye leo ninakukataza wewe usifanye: nikaandika mu statu "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki", nikaongeza na vile viuso vitatu vya kucheka mpaka machozi ili ionekane ni mchezo tu. Halafu kila dakika nafungua kuangalia nani ameona, nani hajaona. Jina lake likatokea, wa kumi na mbili. Ameona, amenyamaza. Nikasema sawa, imeisha.

Miezi saba hivyo. Mimi siandike, yeye haandike. Akiweka foto mu statu nairuka haraka haraka kama mtu anaruka maji ya mfereji.

Mwezi wa tisa shangazi yetu akafariki, nikashuka Bukavu ku kilio. Nilipanda meli ya usiku, ile inapita pembeni ya kisiwa cha Idjwi watu wamelala juu ya mizigo yao na inawafikisha asubuhi miguu imevimba. Kesho yake mama mudogo akanituma soko ya Kadutu kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na mwenye alikuwa anapima sambaza ku meza ya pili, njo yeye! Nilitaka kurudi nyuma lakini nyuma kulikuwa mtu na gunia la makala ku kichwa anapiga kelele "pisha, pisha", basi nikasukumwa mpaka mbele yake.

Akaniangalia. Akaendelea kupima.

"Weye uko naishi?"

"Niko naishi. Weye njo haukutaka kujua kama niko naishi."

"Mimi?"

"Nilikuandikia nimepasuliwa. Ukasoma."

Akasimamisha kopo juu ya beseni, sambaza zikawa zinaanguka moja moja. "Umepasuliwa nini?"

Hakukuwa anajua. Kabisa. Jioni simu yake inakuwaka ya binti yake, wakati ule alikuwa na miaka tisa, anacheza ule mchezo wa kupanga pipi. Mesaji ikiingia inamuzuia kuona mchezo, basi anaifungua haraka ili itoke pale, anarudia pipi zake. Njo vile tiki zangu ziligeuka blu wakati mwenye simu alikuwa inje anaosha beseni. Asubuhi mesaji yangu ilikuwa imezikwa chini ya mesaji karibu arobaini za grupu ya likelemba, ile ya kuzungushiana pesa, na za grupu ya parokia.

Nikamuuliza, na statu je, si uliiona? Akainamisha macho. "Statu niliona. Nilizani unaniambia juu ya zile dola makumi mbili."

Ah! Mwaka wa mbele nilikuwa nimemutumia kitenge, akabakiza dola 20. Sitadanganya kwamba nilikuwa nimesahau, hapana, pesa mtu hasahauke, lakini naapa siku ile na tumbo yenye nyuzi sikukuwa na akili ya dola. Sasa yeye miezi saba anasikia haya, anasema nikipata nitamulipa njo nitamuandikia, na mimi miezi saba naona ni kiburi. Watu wawili, kila mmoja ameshika simu yake, kila mmoja anasoma mesaji yenye mwenzake hakuandika.

Tangu pale nimebadilisha mambo mengi ya namna ninaongea na marafiki, na nitakuambia yale yamenisaidia, utachukua yenye inakufaa.

Ya kwanza ni zile tiki zenyewe. Blu inaonyesha simu imefunguliwa pale, basi, haionyeshe ni macho ya nani. Wazungu waliotengeneza ile kitu labda kwao kila mtu ana simu yake na analala nayo, lakini kwetu simu ni kama jiko, ya nyumba nzima. Iko kwa mtoto, iko kwa bwana, iko kwa yule kijana mwenye pano ya sola kule barabarani juu kuran ya umeme imekatika tangu jana na umemuachia franka zako pamoja na simu mpaka saa kumi. Fundi mwenzangu wa kushona alipotezaka mteja juu ya tiki, mteja aliona blu akafikiri fundi anamukimbia na nguo yake, kumbe simu ilikuwa kwa chaji na yule kijana wa chaji alikuwa anasoma mesaji za watu ili siku isogee. Unaweza kuzizima zile tiki mu mipangilio ya WhatsApp, mimi nilizima, lakini ujue ukizima zako na za wengine hauzione tena, na mu grupu zinabakia tu. Kwangu ilikuwa dawa. Wiki ya kwanza niliteseka kama mtu ameacha sigara, baadaye nikaanza kulala vizuri.

Ya pili, na hii njo kubwa: habari nzito usiitume kwa kuandika halafu ukangoja. Kufiwa, kupasuliwa, kufukuzwa kazi, kuomba pesa, kuomba musamaha, pigia mtu. Hauna yunite? Bipa, iite kidogo ukate! Sijui tulitupa wapi ile akili ya kubipa. Mbele ya WhatsApp mimi na huyu rafiki tulikuwa na lugha nzima ya bipu: moja ni "nimefika salama", mbili za kufuatana ni "nipigie", tatu ni "nipigie mbio kuna shida". Haikukula hata franka moja. Sasa tuna mega, tuna vokali, zile mesaji za sauti, tuna video, na nilikuwa nimelala hospitali sikufikiria kubipa mara tatu. Tumeirudisha ile lugha yetu tangu Kadutu na inafanya kazi kama zamani, tofauti ni kwamba binti yake naye ameijifunza.

Na mtu akikupigia wakati uko na kazi, usikate tu. Andika hata maneno manne, "niko ku kazi, saa moja", na saa moja ikifika upige. Nina rafiki mwingine Kinshasa alikuwa ananiambia "saa moja" na mimi nangoja, nakasirika, saa mbili njo anapiga, mpaka siku moja nilikumbuka kwamba kule saa yao iko nyuma ya yetu saa moja! Tulikuwa tunagombana na jua.

Statu. Sina mengi ya kusema hapa. Ukitaka kumuambia mtu mmoja jambo moja, usiliandike pale watu mia mbili wanasoma. Mimi siku ile ya "akufaaye kwa dhiki" watu watano walinipigia kuniuliza kama ni wao. Mmoja alikuwa wifi yangu, na yeye kweli hakukuja kunitazama hospitali, basi ile fumbo ilimupata yeye na mpaka leo hatujamaliza vizuri.

Vokali nazipenda, nisikudanganye. Kusikia sauti ya mtu ni kitu kingine, unasikia kama amelia, unasikia sufuria nyuma yake, mvua ku mabati. Neno "sawa" likiandikwa peke yake linaweza kuwa baridi kama asubuhi ya Bukavu, lakini kwa sauti unajua ni sawa ya furaha ao ya kuchoka. Lakini jamani, dakika saba? Nani amekupa dakika saba zangu? Unaanza na salamu, unakohoa, unaongea na mtoto pembeni, "acha hiyo, acha nimesema", unasahau ulikuwa wapi, na jambo lenyewe liko ku dakika ya sita. Sema jambo lako mwanzo, halafu ukipenda ongeza hadithi. Na kama ni siri, andika mbele "hii sikiliza peke yako". Ku atelie yangu Majengo mteja mmoja alikuja kujaribu libaya yake, vokali ikaingia, akaifungua simu iko juu ya meza na sauti yote, na sauti ikaanza: "Sasa ule bwana wako, mimi sikutaka kukuambia..." Tulikuwa wanawake sita mle ndani. Mashine zote zikasimama kwa wakati mmoja. Alirukia simu na pini bado ziko ku mabega.

Kuna jambo lingine nilijifunzaka mbele, mu 2021, na sikutaka kulisahau. Tarehe 22 mwezi wa tano, siku ya posho (jumamosi), Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ilitapika jioni, mbingu ikawa nyekundu yote, na sisi wenye tuliona ile ya 2002 hatukungoja mtu atuambie kitu. Wengine walikimbilia Gisenyi kule Rwanda, wengine Sake. Rezo ikawa inakuja na kupotea. Yule yule rafiki wa Bukavu aliniandikia usiku wote, na mimi nilimujibu "tuko njiani tunaenda", basi, hivyo tu. Ile mesaji yangu ilimufikia asubuhi yake, wakati sisi tulikuwa tumeshafika zamani, na yeye akafikiri bado tuko ku barabara mu moto, akaamsha nyumba nzima wakaanza kuomba. Tangu ile siku mesaji ya shida ninaandika saa na fasi ndani yake: "saa nne ya usiku, niko Sake, watoto wote wanne niko nao." Ikichelewa kufika, mwenye kusoma anajua ni habari ya saa gani. Kitu kidogo sana, lakini muulize mtu mwenye amengoja habari usiku.

Na siku zile zile, niseme na hii kosa, kulikuwa vokali inazunguka, sauti ya mwanaume anaongea kama mtu wa siyansi, anasema gazi ya mu ziwa itapasuka usiku ule ule na itaua mpaka Bukavu. Gazi mu ziwa Kivu iko, ni kweli, kila mtu hapa anajua. Lakini ule mwanaume ni nani? Amejua kwa nani? Sikuuliza. Niliituma kwa watu wote wa mu simu yangu juu nilikuwa naogopa na niliona kuogopa peke yangu ni kubaya. Mama ya rafiki yangu alipandwa na presha juu ya vokali yangu. Sasa kitu kikifika kwangu na kile kialama cha kwamba kimetumwa mara nyingi, ninakiacha kifie kwangu. Nikitaka kujua kama rafiki yangu yuko salama ninamuuliza yeye, siyo kumutumia sauti ya mtu mwenye wote wawili hatumujue.

Deni. Mwenye deni aongee wa kwanza, hata kama hana kitu. "Yaya, zile dola bado, nivumilie mpaka mwisho wa mwezi." Ni maneno machache, na ingetuokolea miezi saba. Na wewe mwenye kukopesha, ukiandika salamu iwe salamu. Mimi nilikuwa na tabia, nikisalimia mtu mwenye deni yangu naongeza "na ile kitu yetu?", nilikuwa naona ni utani. Sasa mtu kila akiona jina langu anasikia deni, atafungua namna gani? Nimejikataza: siku ya kuuliza deni nauliza deni, siku ya salamu ni salamu.

Ya grupu napita haraka, ugomvi wa watu wawili usiumalizie mu grupu, toka pembeni mukaongee. Na ukifuta mesaji ujue inabakia imeandikwa kwamba kuna kitu kilifutwa, na pale kila mtu anaanza kufikiria kibaya kuliko chenye ulikuwa umeandika.

Zile dola amelipa 15. Zingine 5 siulizake, naye kila akipata mtu anapanda meli ananitumia sambaza kavu ndani ya mufuko, kwa hiyo mimi naona tumeshamaliza, sijui yeye anahesabu namna gani. Jana usiku nilimuandikia juu ya harusi ya mtoto wa mwenzetu wa sekondari. Tiki mbili. Nikabeba nguo zangu nikaendelea kupiga pasi. Kisha simu ikalia, vokali ya sekunde sita, sauti ya yule binti, na nyuma yake mziki wa mchezo wa pipi bado unaendelea: "Mama mukubwa, ni miye njo nimefungua. Mama iko inje. Nitamuambia."