Maswali ya Wasomaji: Jumba Moja, Ukoo Mmoja

SWALI: Makabaila wa Uingereza walishikaje jumba na mashamba yale yale kwa mamia ya miaka bila warithi kugawana? Na mbona karne ya 20 wengi waliyapoteza?

JIBU: Hawakugawana kwa sababu aliyeishi jumbani hakuwa na mamlaka ya kuliuza. Tangu karne ya 17 mawakili waliandika hati iliyompa mwenye jumba haki ya kula pango la wakulima maisha yake yote, huku ardhi yenyewe ikimsubiri kifungua mimba wa kiume. Kijana huyo akitimiza miaka 21 aliweza, akikubaliana na baba yake, kuvunja kifungo hicho. Hapo baba alimuwahi: alimpa posho ya kila mwaka, na kijana akatia saini hati mpya iliyomfunga yeye pia kwa ajili ya mtoto ambaye hajazaliwa. Ni mbinu ya kisheria yenye akili nyingi, na kila kizazi kiliirudia.

Udhaifu wake ni deni. Hati hiyo hiyo iliwatengea wadogo wa mrithi mafungu ya fedha na mjane malipo ya kila mwaka, yote yakidaiwa kwenye ardhi, hivyo rehani zikarundikana. Bei ya nafaka ilipoporomoka kuanzia miaka ya 1870, pango lilishuka lakini riba haikushuka. Sheria ya 1882 ikamruhusu mwenye jumba kuuza ardhi. Mwaka 1894 ikaja kodi mpya ya mirathi: mwanzoni haikuzidi 8%, lakini kufikia 1949 mali kubwa kabisa zilitozwa 80%.

Tazama Chatsworth, Derbyshire, iliyonunuliwa na ukoo wa Cavendish mwaka 1549. Duke wa 10 wa Devonshire, mkuu wa ukoo huo, alihamisha mali mapema ili kukwepa kodi hiyo, ila sheria ilimtaka aishi miaka 5 baada ya kuitoa. Alifariki Novemba 1950, miezi michache tu kabla ya muda kutimia. Ardhi nyingi iliuzwa, na Hardwick Hall, jumba lao jingine, ikatolewa kulipia kodi hiyo. Mwaka 1959 ikawa ya National Trust, shirika la hisani linalotunza majumba ya kihistoria. Chatsworth yenyewe ilinusurika.

SWALI: Na siku hizi?

JIBU: Kodi kwa kawaida ni 40% ya kinachozidi pauni 325,000, na muda wa kuishi baada ya kutoa mali ni miaka 7. Kosa kubwa ni mzazi kumwandikisha mtoto jumba kisha akaendelea kukaa humo bure. Asipolipa pango la bei ya soko, jumba litahesabiwa kuwa bado la mzazi hata ikipita miaka 20.